Mashine Isiyotaka Kungoja

Mpwa wangu ana kibanda cha gemu hapa Kalinzi, kando ya barabara ipandayo kutoka Mwandiga kwenda Manyovu. Nasema kibanda kwa kuwa ndivyo kilivyo: mabanzi, bati chache, mabenchi mawili, televisheni mbili za chogo, na PlayStation 2 mbili ambazo umri wake unazidi umri wa wengi wanaozichezea. Mechi moja ya mpira ni shilingi mia mbili. Anayefungwa anampisha mwingine. Siku za gulio huwezi kupata pa kukanyaga.

Jioni moja, mvua za kwanza zikiwa zimeanza na mikahawa imetoa maua meupe bonde zima, kijana huyu alinijia nyumbani. Aliamkia, akakaa kwenye ukingo wa kiti, nami nikajua kuna jambo. Mnunuzi mmoja amekubali kumpa fedha sasa hivi kwa kahawa ambayo bado ni maua. Bei yenyewe ni karibu nusu ya atakayoipata kahawa ikiiva. Kwa fedha hizo, na akiba yake kidogo, anataka kununua PlayStation 5. Shamba ni la marehemu baba yake, na kwa kuwa mimi ndiye mzee aliyemsalia, hakutaka kutia saini bila kauli yangu.

"Mjomba," alisema, "ile si gemu kama hizi. Niliicheza Dar. Ile haingoji."

Neno hilo lilinikaa. Hakusema ina picha nzuri, hakusema ina nguvu. Alisema haingoji. Nilimjibu kwamba siwezi kutoa hukumu juu ya kitu nisichokiona, na kwamba mwezi ule ule nilikuwa na safari ya Dar es Salaam kutibiwa macho, na mkwe wangu anayo mashine hiyo. Anisubiri. Alicheka kwa adabu, maana kumwambia asubiri ndilo jambo hasa alilokuwa amelichoka.

Basi msomaji asishangae kuona mzee aliyefundisha hesabu miaka thelathini, na ambaye zamani aliwahi kuwafukuza wanafunzi kwenye vibanda vya gemu kwa fimbo, anaandika tahakiki ya mashine ya michezo. Nilikwenda kuitazama kama mtu aendavyo kumtazama ng'ombe kabla ya mahari kutajwa.

Nianze na sifa zake, kwa kuwa ni za kweli. PlayStation 5 ilianza kuuzwa Novemba 2020. Ni kubwa: ile ya kwanza yenye mlango wa diski ina uzito wa kilo 4.5 na urefu wa karibu sentimita 39 ikisimamishwa. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni gigabaiti 16. Ya PlayStation 2 iliyotoka Machi 2000 ilikuwa megabaiti 32. Gawanya, utapata 512. Sehemu yake ya kuchora picha hufanya hesabu trilioni 10.28 kwa sekunde, na waandishi wa mambo haya hupenda kuanza na tarakimu hiyo kama wapiga debe wa mabasi waanzavyo na mwendo. Mimi nilifundisha hesabu, lakini trilioni kumi hainiambii kitu. Macho yangu wakati ule yalikuwa na ukungu. Picha yenye nukta milioni nane na picha ya chogo zilikuwa ndugu mapacha.

Kilichonishika ni mambo mawili mengine.

La kwanza ni pedi. Mjukuu wangu aliniwekea mchezo unaokuja ndani ya mashine yenyewe, Astro's Playroom, wenye kiroboti kidogo kinachotembea huku na huku. "Babu, funga macho," aliniambia. Nikafunga. Kiroboti kilipopita juu ya mchanga nilihisi mchanga viganjani. Kilipoingia kwenye mvua, matone yalianza kugonga, moja kushoto, mawili kulia, kisha mengi, kama mvua inavyoanza juu ya bati kabla haijakoleza. Pedi za zamani zina vijiwe viwili vinavyozungushwa na mota, na kila kitu huwa ni mtetemo ule ule mmoja, uwe umepiga teke au umeanguka. Hizi mpya zina vitu vinavyosukumwa na koili ya umeme mfano wa spika ya redio, kwa hiyo mkono unapokea kitu kama sauti. Vile vidude vya kuvutwa kwa kidole cha shahada navyo vina mota ndani. Ukivuta upinde, kamba inakukatalia. Hata gizani nilitambua kioo na chuma. Nikiwa mtu niliyekuwa nakwenda kufanyiwa kazi kwenye macho, sikuweza kulidharau hilo.

La pili ndilo lile la mpwa wangu. Mashine hii haingoji.

Hapa inafaa nieleze, maana ndipo penye akili ya watengenezaji. Mashine za nyuma zilihifadhi michezo kwenye diski izungukayo. Kitu kinachosoma lazima kisogee mpaka mahali data ilipo, kama mtu anayetafuta faili kwenye kabati la ofisi ya kata. Mark Cerny, msanifu mkuu wa mashine hii, alitoa mhadhara Machi 2020 akaeleza hila walizokuwa wakifanya wenye michezo ili kupunguza kutafuta huko. Katika mchezo wa Spider-Man wa PlayStation 4, sanduku la posta la kando ya barabara lilinakiliwa kwenye diski mara 400, ili popote msomaji alipo, sanduku moja liwe karibu. Ebu fikiria! Sanduku lile lile, mara mia nne, kwa ajili ya kuokoa nukta ya sekunde.

PlayStation 5 imeliondoa kabati lote. Haina diski izungukayo ndani. Ile ya kwanza ina ghala la chipu la gigabaiti 825, ambazo kama 667 ndizo zinazobaki kwa mwenye mali, na hutoa gigabaiti 5.5 kwa sekunde, au 8 hadi 9 ikihesabiwa data iliyobanwa ikishakunjuliwa. Mashine iliyotangulia ilitoa megabaiti 50 hadi 100. Hiyo si tofauti ya gari na gari. Ni tofauti ya mtu anayetembea na ndege. Mjukuu wangu alibonyeza, mji mzima ukasimama mbele yetu kabla sijaweka kikombe cha chai mezani. Nilimwambia atoke arudie, nikidhani nilipitiwa. Akarudia. Ni kweli, haingoji.

Nililala na jambo hilo. Na kwa kuwa sikuwa na la kufanya mchana ila kungoja siku yangu ya hospitali, nikaanza kuuliza maswali ya kizee: mchezo wenyewe uliingiaje humu ndani? Mkwe wangu alinieleza bila kuficha. Michezo mikubwa ya mashine hii hupita gigabaiti 50, na mingine hupita 100. Ukinunua kwenye diski, diski inanakiliwa kwanza kwenye ghala, na baada ya hapo kazi yake ni kama ufunguo tu wa kuthibitisha kwamba unao. Kisha huja masahihisho kwa mtandao, gigabaiti nyingine kadhaa. Na mchezo wa mpira ambao vijana wa Kalinzi wanauapia, ule wa Konami waliouzoea kwenye PlayStation 2, tangu mwaka 2021 unaitwa eFootball na hauuzwi tena kwenye diski; unapakuliwa. Ni bure, wanasema. Bure kwa mwenye mtandao usiopimwa.

Nikachukua kalamu. Mashine hii inaweza kuzisoma gigabaiti 100 kutoka kwenye ghala lake kwa sekunde 18 hivi. Gigabaiti hizo hizo zikija kwa simu, kwa mwendo wa megabaiti moja kwa sekunde, ambao kwetu mlimani ungekuwa siku ya sikukuu, zitachukua zaidi ya saa 27. Na hizo ni saa 27 za bando linalolipiwa, umeme usiokatika, na simu isiyopigwa na mtu.

Kungoja hakukufutwa, basi. Kumehamishwa. Kumetolewa kwenye kiti cha mchezaji kukapelekwa mahali ambapo anayeisifu mashine hakutazami, kwa sababu kwake hapana kitu hapo. Kwenye nyumba yenye mtandao mnene mashine hupakua usiku watu wamelala, na asubuhi inaonekana kama haijawahi kungoja chochote. Hii ndiyo lawama yangu kubwa juu ya tahakiki za mashine hizi nilizosomewa: zinahesabu sekunde za ndani ya boksi kwa uaminifu kabisa, halafu zinasahau kwamba boksi lina mlango.

Nilirudi Kalinzi na jicho moja likiona vizuri. Jambo la kwanza nililofanya, kabla ya kumwita mpwa wangu, ni kwenda kukaa kwenye benchi lake alasiri nzima. Watoto waliponiona waliinuka. Wakongwe wao wananikumbuka na fimbo. Niliwaambia wakae.

Zile PlayStation 2 zake zimechipiwa, kama wanavyosema wenyewe, yaani zimefunguliwa zipokee diski zilizochomwa mitaani, na moja inasoma gemu kutoka kwenye flashi. Bandari yake ya flashi ni ya aina ya zamani kabisa, ya mwendo wa kobe, lakini inafika. Sony waliacha kuzitengeneza mwanzoni mwa 2013, baada ya kuuza zaidi ya milioni 150 duniani, na mchezo wa mwisho wa Konami wa mpira kwa mashine hiyo ni wa msimu wa 2014. Hata hivyo vikosi niliviona vipya. Kuna vijana mijini wanaokaa na kompyuta kubadilisha majina na jezi, na diski zao zinapanda mlima huu kwa basi. Iwapo ni halali au la, wanasheria waseme. Mimi nasema tu kwamba mashine iliyozikwa na wenyewe inazikuliwa kila msimu na watu wasioijua hata kampuni yenyewe iko wapi.

Nayo inangoja. Lo, inangoja! Mechi ikiisha, leza inarudi kwenye diski, kioo kinaingia giza, na kundi lote linasema "inalodi". Nilipima kwa saa yangu, nikakata tamaa ya kupima, kwa sababu kilichokuwa kikiendelea kwenye benchi kilikuwa kizuri kuliko kioo. Aliyefungwa anajitetea kwamba pedi ina kasoro. Aliyeshinda anataja magoli ya juzi. Wawili wanabishana nani zamu yake. Mtoto wa darasa la tatu anasomea wenzake majina ya kikosi kwa sauti, jina la Kikroeshia lenye konsonanti nne mfululizo, bila woga. Nami niliyekuwa nawafukuza nilikuwa sijawahi kusubiri pamoja nao hata mara moja.

Sitaki kuipamba umaskini, msomaji. Kungoja kwenyewe si utamu, na anayekaa foleni ya zahanati anajua. Tena mashine ya zamani ina maudhi yake: leza huchoka, waya wa pedi hukatika shingoni. Lakini ikifa, fundi redio wa hapa anaifungua kwa bisibisi, anasafisha kioo cha leza kwa pamba, na mara nyingi inarudi. Hapa Kigoma tunaijua tabia hiyo ya chombo. MV Liemba ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande ndani ya masanduku mpaka ziwani, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 baada ya mafundi kuipaka injini grisi nzito, ikainuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Mtengenezaji aliyeipaka grisi alifikiri juu ya mtu atakayekuja kuifungua. Kwenye PlayStation 5 niliona wamefikiri juu ya vumbi, na nawapongeza: yamewekwa matundu mawili ya kulikusanya ili mwenye nyumba alifyonze kwa mashine ya umeme ya kufyonzea vumbi. Mpwa wangu ana fagio la chelewa. Vumbi la Kalinzi la kiangazi ni jekundu, jembamba, na feni ya mashine ile ina upana wa sentimita 12 ikivuta hewa kutoka pande zote mbili.

Kuna umeme pia. Mkoa wetu ulikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa ukiishi kwa jenereta za dizeli, na gridi ilianza kuingia mwaka 2022. Ni faraja, ila umeme bado hukatika na hurudi kwa kishindo. PlayStation 2 haifiki wati 50. Ikizimika unaiwasha tena, umepoteza mechi moja na shilingi mia mbili. Ile mpya ikiwa kwenye mchezo mzito hutumia kama wati 200, na ikikatwa ghafla huamka ikitaka kwanza kukagua ghala lake. Aidha, haina tundu la kuchomekea televisheni ya chogo. Ina HDMI peke yake. Kwa hiyo bei ya mashine si bei ya mashine. Ni ya mashine, televisheni bapa, stebilaiza, na bando lisilokwisha.

Na nikiwa kwenye bei, kuna moja isiyoandikwa kwenye boksi lolote. Mwaka ule ule wa 2000 PlayStation 2 ilipotoka, dunia ilikuwa inataka vifaa vya elektroniki kuliko wakati wowote kabla yake, simu, kompyuta na mashine za gemu, na bei ya tantali, metali itumiwayo kwenye kapasita ndogo, ilipanda kwa namna isiyowahi kuonekana, kisha ikaporomoka mwaka 2001. Jiwe lake, koltani, lilikuwa likichimbwa mashariki mwa Congo katikati ya vita. Jopo la Umoja wa Mataifa liliandika habari hizo katika ripoti ya Aprili 2001. Watu wa ng'ambo ya ziwa walikuwa wakivuka kwa mitumbwi kuja kwetu, wakapelekwa Lugufu na Nyarugusu. Nani atasema punje ipi iliingia kwenye mashine ipi? Lakini mimi niliona malori yaliyobeba watu, na miaka kadhaa baadaye nikaona mashine zikishushwa kwenye basi hapa barabarani, na sikuwahi kuyaweka mambo hayo mawili kwenye sentensi moja mpaka nilipokaa kwenye benchi lile. Wale pia walikuwa sehemu ya kungoja kuliko nje ya boksi.

Nilimwita mpwa wangu nikamsomea karibu yote haya. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo ambalo sina budi kuliandika, maana tahakiki isiyoandika jibu la upande wa pili ni mahubiri.

"Mjomba, umepima kama mashine inaifaa Kalinzi. Hujauliza kama Kalinzi nayo haistahili kitu kizuri. Kahawa yetu ile nzuri inakwenda kwa wazungu, sisi tunakunywa makapi. Sasa na gemu iwe hivyo hivyo? Vijana wangu wakubwa wanalipa nauli mpaka Kigoma mjini kucheza mpya. Wakizoea huko, hili benchi unalolipenda litabaki la watoto."

Nilikosa la kusema kwa muda. Ana haki. Mimi nilikuwa tayari kumhukumu mtoto wa kijijini akae na cha zamani kwa sababu mimi nimekuta kina utu, na hali nilipofumba macho Dar es Salaam na kuisikia mvua mikononi, sikutaka kuirudisha pedi. Ila haki yake haijafuta hesabu yangu. Nilimwambia mambo mawili. Kwanza, kahawa isiuzwe ikiwa maua, kwa mashine yoyote. Hilo sitatia mkono wangu. Anunue kwa kahawa iliyoiva au asinunue. Pili, akinunua, achukue yenye mlango wa diski kuanzia dukani. Ile iliyotoka Novemba 2024 kwa dola 699.99, inayoitwa Pro, imekuja bila mlango huo. Unaununua kando, na lazima mashine iingie mtandaoni ndipo iutambue. Mashine inayohitaji ruhusa kutoka mbali ili isome diski iliyo mkononi mwako sioni itakavyofunguliwa na fundi redio.

Hakunijibu ndiyo wala hapana. Maua yamekwisha kuanguka, punje zimeshika, na mnunuzi yule amekwenda kujaribu Matyazo. Juzi kijana alipita hapa asubuhi, hakukaa, akauliza kama nakumbuka mkwe wangu alinunua stebilaiza yake duka gani.